Macho ya Gredi ya Tano

Mwalimu Nzisa Kitonga hali mahindi kabla ya kuyaangalia. Akikaribishwa nyumbani kwa watu, huzigeuza punje kwa kijiko, moja moja, na wenyeji wanaomjua hujifanya hawaoni. Wasiomjua hudhani ni maringo ya watu waliosoma.

Alizaliwa upande wa Kanyangi, binti wa mkulima wa kawaida. Mwaka aliotimiza miaka tisa, baba yake alivuna mapema kwa kuogopa wezi wa shambani, na mvua ikamkuta akisomba. Mahindi yakaingizwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu, yakarundikwa kwenye chumba walicholala watoto. Baada ya wiki chache punje za chini zilianza kushikana, zikiwa na vumbi la kijani katikati. Nzisa aliziona. Alimuuliza mama yake vumbi lile ni nini, akaambiwa kwamba msichana anayeuliza habari za chakula ni mlafi.

Waliyala mahindi yale na maharagwe, jioni baada ya jioni. Nzisa alikuwa akiumwa jino, kwa hiyo alikunywa mchuzi na kuacha punje. Kaka yake Nzioka, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na njaa ya kijana anayekua, alikula sehemu yake na ya dada yake. Siku ya Alhamisi macho ya Nzioka yaligeuka rangi ya kiini cha yai. Majirani walikuwa na maneno yao: kuna aliyesema ametupiwa kitu, kuna aliyesema boma lile limeonewa kijicho. Mchungaji aliomba hadi sauti ikamkauka. Tumbo likavimba. Jumanne ya pili walimzika. Ilikuwa baadaye kabisa ndipo watu wa serikali walipokuja na magunia matupu, wakapita nyumba hadi nyumba wakiyachukua mahindi, na kueleza kwamba kuna kuvu inayotoa sumu, na kwamba sumu hiyo hula ini la mtu.

Nzisa alisikiliza maelezo yale akiwa amesimama nyuma ya mlango. Nafikiri ualimu wake ulianzia pale.

Sasa ana miaka thelathini na kidogo, na kwa miaka sita amefundisha sayansi katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya mto wa mchanga, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni. Ni shule ndogo, watoto mia na arobaini, mabati yanayolia jua likipanda. Kila mwanzo wa muhula, kila mzazi huleta gorogoro tatu za mahindi, ile mikebe ya kilo mbili, na moja ya maharagwe kwa ajili ya chakula cha mchana. Yote humwagwa pamoja katika magunia ya stoo. Hakuna anayeandika mahindi yapi ni ya nani. Huo ndio uzuri wa mpango wenyewe, kwamba mtoto wa aliyevuna na mtoto wa aliyekosa hula kutoka sufuria moja. Kwa watoto wengi, kikombe kile cha saa saba ndicho chakula cha siku.

Muhula wa pili, Gredi ya Tano walifika kwenye somo la kuvu. Kitabu kilitaka kipande cha mkate. Nzisa hakutaka mkate, kwa sababu mkate ni kitu cha wachache. Alimwambia kila mtoto alete kiganja cha mahindi kutoka nyumbani. Walikuwa wanafunzi arobaini na wawili. Akayamwaga katika ndoo ya bluu, akayanyunyizia maji, akafunika kwa gunia bichi, na akaiweka ndoo kwenye kona ya darasa.

Kwa majuma mawili darasa lile halikuwa na utoro. Watoto walifika mapema wasije wakakosa kuchungulia. Walipokezana lenzi moja yenye ufa. Mmoja alisema kuvu ni kama sufi, mwingine akasema hapana, ni kama ndevu za mwalimu mkuu, na darasa zima likacheka mpaka Nzisa naye akageukia ubao kuficha uso. Kisha rangi ya kijani ikaja, na kicheko kikapungua.

Aliyechungulia zaidi ya wote alikuwa Kasiva, msichana wa miaka kumi mwenye sweta lililofika hadi kwenye vidole. Kasiva alikuwa ameleta punje za zambarau, mbegu iliyotunzwa na nyanya yake, na alitaka kujua kama kuvu huchagua rangi. Aliuliza kuvu hujuaje kwamba punje haiwezi kujitetea. Aliuliza kama inalala. Siku moja aliuliza kama ikipikwa inakufa.

Nzisa angeweza kurudi kwenye kitabu.

"Kuvu yenyewe inakufa," alisema. "Sumu yake, kama ni ile yenye sumu, haifi. Moto wa jikoni hauiwezi."

Halafu akawaeleza habari za Nzioka. Aliwaeleza yote: chumba, mvua, macho ya njano. Hakuna mtoto aliyesogeza mguu. Kengele ilipolia walitoka, na mchana ule vikombe kadhaa vilirudi jikoni vikiwa vimejaa.

Ndani ya wiki moja hofu ilikuwa imefika majumbani. Watoto walichambua sahani mbele ya wageni. Mmoja alimwambia babu yake kwamba ghala lake linaua. Baba wa mtoto huyo, shemasi wa kanisa, alikuja shuleni akiwa na kofia mkononi na kusema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali kwamba yeye analeta mtoto afundishwe, hamleti atishwe.

Mwalimu mkuu, Bwana Ndolo, alimwita Nzisa ofisini. Si mtu mbaya. Miaka miwili alikuwa ametembea kutoka boma hadi boma akiwabembeleza wazazi wakubali mpango wa chakula. Alimwambia kwamba wazazi wakianza kuiogopa stoo hawataleta tena, na wasipoleta, watoto watasinzia darasani kama zamani. Akamtaka afundishe kilicho kitabuni, aiondoe ile ndoo, na shule ikifunguliwa baada ya mapumziko ya katikati ya muhula awatulize watoto.

"Mahindi ya stoo uliyakagua mwenyewe," alisema. "Ni mazuri au si mazuri?"

"Ni mazuri," Nzisa alijibu, na ilikuwa kweli. Alikuwa ameyapitisha mikononi gunia kwa gunia.

"Basi waambie hivyo. Na maswali ya chakula yaishe."

Alasiri ya kufunga, Nzisa aliitoa ndoo nyuma ya darasa ili ayafukie mahindi. Jembe la shule lilikuwa limevunjika mpini. Alijaribu kwa kipande cha chuma, lakini ardhi ilikuwa kavu, ikimrudishia mlio tu. Gari la kwenda Kitui mjini lilikuwa linaondoka. Alifunika ndoo kwa gunia, akaweka jiwe juu, akajiambia kwamba atayafukia Jumatatu.

Jumatatu aliikuta ndoo imeoshwa na kupachikwa kichwa chini juu ya nguzo ya ua. Alidhani mlinzi ameyamwaga mtoni. Alishukuru kimoyomoyo na hakumuuliza mtu.

Asubuhi hiyo alisimama mbele ya Gredi ya Tano na kufanya alichoagizwa. Aliwaambia kwamba mahindi ya shule ni safi, kwamba somo la kuvu limekwisha, na kwamba kuanzia siku hiyo hataki kusikia mtu akimtisha mwenzake kwa habari za chakula. Alipokuwa akisema hayo, mkono wa Kasiva ulikuwa juu. Ulibaki juu muda mrefu, sweta likiteremka hadi kwenye kiwiko.

"Kasiva, leo hakuna maswali."

Mkono ukashuka.

Tangu siku hiyo Kasiva hakula shuleni. Alipanga foleni kama wengine, akapokea kikombe chake, akakitembeza hadi nyuma ya choo na kurudi nacho kitupu. Wenzake walimwita Daktari. Walimwekea kidole tumboni na kumuuliza kama amepona. Yeye alianza tabia nyingine iliyowaudhi zaidi: aliwafuata mmoja mmoja, akawaomba waangalie juu, akawakodolea macho kwa karibu, kisha akatoa daftari lake na kuandika. Waliompenda walikubali kwa mzaha. Wengine walimsukuma.

Nzisa aliliona jambo hilo siku ya Alhamisi, juma la pili, saa saba kasoro. Kasiva alikuwa amemshika Wavinya, rafiki yake, kidevu. Wavinya alikuwa ameketi kwenye ngazi akijishika tumbo.

Nzisa aliliomba daftari. Kasiva alilitoa bila kubisha.

Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kusahihisha. Upande wa kushoto majina ya darasa zima. Juu, tarehe. Ndani ya kila kisanduku neno moja lililorudiwa: meupe, meupe, meupe. Siku ya sita, kwenye mstari wa Wavinya, kulikuwa na maneno matatu: meupe, tumbo linauma. Siku ya saba: amekula nusu. Siku ya nane, yaani jana yake: meupe, sina hakika.

Nzisa alifunga daftari. Alimpeleka Kasiva kando, chini ya ukingo wa paa.

"Hili ni jaribio," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimewafundisha kila jaribio lina swali. Swali lako liko wapi? Hukuliandika."

Kasiva alitazama viatu vyake. Alisema swali alikuwa nalo, na kwamba aliinua mkono siku ile ya Jumatatu. Kisha, kwa sababu mwalimu hakuondoka, akalieleza. Shule ilipokuwa imefungwa alikuwa amekuja kuteka maji kwenye tangi la shule. Alimkuta Susu Kalunde, mpishi, ameanika mahindi kwenye turubai. Kati ya yale mahindi aliona punje za zambarau.

"Ni zangu, Mwalimu. Hakuna mwingine aliyeleta za zambarau. Swali langu lilikuwa, Susu akimaliza kuyaanika anayapeleka wapi."

Jikoni moshi ulikuwa mwingi. Kalunde, ambaye shule nzima humwita susu, yaani nyanya kwa Kikamba, alikuwa akikoroga sufuria kubwa kwa mwiko wa urefu wa mtoto. Ni mwanamke aliyepitia misimu ya ukame mingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na hajawahi kutupa punje. Nzisa alipomuuliza habari za ndoo ya bluu, uso wake uling'aa kama wa mtu ambaye wema wake umeonekana hatimaye.

Alisimulia mwenyewe. Alikuta mahindi ya watoto yametelekezwa nyuma ya darasa, chini ya jiwe, kama kitu cha kutupwa. Akaona vibaya. Akayaosha.

"Mara tatu, na magadi," alisema. "Nikaanika siku mbili, jua kali. Hiyo kijani ni vumbi tu, Mwalimu, ikioshwa inatoka. Ikabaki nyeupe kabisa."

"Susu, uliyapeleka wapi?"

"Stoo. Si ni ya watoto?"

"Gunia gani?"

Kalunde aliacha kukoroga. Kulikuwa na kitu katika sauti ya mwalimu alichoanza kukisikia.

"Nilisambaza," alisema polepole. "Kila gunia kidogo kidogo, nikachanganya. Kwa sababu zile za zambarau, watu wangeuliza."

Nzisa alijaribu kumweleza, naye Kalunde akamkumbusha kwamba yeye pia alikuwepo mwaka ule wa vifo, amezika majirani wawili. Wale, alisema, walikula mahindi ya mvua. Haya yalikuwa yameanikwa. Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu mwenye hoja, na ilikuwa hoja nzuri, ila tu haikuwa kweli. Kisha akatazama sufuria. Akaketi juu ya gogo la kuni.

Nje foleni ilikuwa imeanza. Watoto mia na arobaini walikuwa wakigonga vikombe kwa vijiko. Nzisa alitoa kuni moja moja chini ya sufuria na kuzisukuma majivuni. Bwana Ndolo alimkuta hapo, akiwa amepiga magoti, moshi ukimtoka kwenye nywele.

Nzisa alimweleza kwa maneno machache. Mwalimu mkuu alisikiliza, akaingia stoo, akatoka na kiganja cha mahindi. Yalikuwa meupe na makavu. Alimnyooshea mkono.

"Nionyeshe mabaya ni yapi hapa."

"Siwezi. Ukiosha hayaonekani."

"Pengine hayana sumu. Umesema mwenyewe si kila kuvu ina sumu."

"Pengine hayana."

"Mwalimu, haya ni ya muhula mzima. Hakuna boma lenye mengine. Unataka nimwage chakula cha watoto mia na arobaini kwa neno pengine?"

Nzisa alisimama. Alisema kwamba kuvu ile aliikuza yeye, kwa maji yake na gunia lake, na akaiacha nyuma ya darasa kwa kuwahi gari. Alisema kwamba mbele ya wazazi atasema hivyo hivyo, na jina la Kalunde halitatajwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba watoto wameyala kwa siku nane.

Bwana Ndolo aliyamwaga mahindi yaliyokuwa mkononi mwake, akajipangusa kiganja kwenye suruali, akaendelea kujipangusa hata kilipokuwa safi. Mwishowe akachukua kufuli la stoo.

Watoto waliambiwa waende nyumbani. Mvulana mmoja wa Gredi ya Sita, akipita mbele ya sufuria iliyokuwa bado inatoa mvuke, alisema leo tumekula sayansi, na wachache wakacheka. Walitawanyika wakipitia mchanga wa mto, vikombe vitupu vikimetameta juani. Nzisa aliwatazama hadi wa mwisho alipopotea.

Afisa wa afya alifika siku iliyofuata kwa pikipiki. Alichukua mahindi kidogo kutoka kila gunia, akayatia katika bahasha za karatasi, akafunga stoo kwa utepe. Alisema majibu yatachukua wiki mbili, labda zaidi, maana maabara iko mbali na sampuli ni nyingi. Kilo nne katika magunia sita, alisema, huenda si kitu. Inategemea ni kuvu gani, na nani alipata punje zipi. Sumu haijigawi sawasawa katika sufuria. Kikombe kimoja chaweza kubeba kilichokosekana katika vikombe hamsini. Hadi hapo, yeyote ambaye macho yake yatabadilika rangi apelekwe hospitali bila kungoja.

Mkutano wa wazazi ulikuwa mchungu. Nzisa alisimama akasema alichoahidi kusema. Baadhi walitaka ahamishwe siku hiyo hiyo. Shemasi alimtazama tu, kofia mkononi. Wengine walidai warudishiwe gorogoro zao tatu, kwa sababu zao zilikuwa safi, na hakuna aliyeweza kuwaambia zao ni zipi. Mchungaji aliomba. Wakati wa maombi, Nzisa aliwaona akina mama wakifumbua macho kwa siri na kuwatazama watoto wao usoni.

Wavinya alipelekwa hospitali akarudi na dawa za minyoo. Walisema huenda ni minyoo. Watoto wengine waliendelea kuja shuleni, wachache kila siku, wakisinzia kuanzia saa sita. Hawakucheza sana. Walikuwa wamejifunza kutazamana. Ungemwona mtoto wa chekechea amemvuta mwenzake kope la chini kwa kidole, kwa uangalifu, kama mtu mzima.

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Nzisa na Kasiva walipita kwenye mistari ya gwaride. Nzisa alikagua, Kasiva akaandika. Sasa daftari lilikuwa la shule nzima, na mwalimu mkuu alikuwa amelinunulia jalada. Nzisa alimwambia Kasiva kwamba anaweza kuuliza swali lolote, saa yoyote, hata katikati ya somo. Kasiva aliitika kwa adabu. Siku zikapita bila kuuliza kitu.

Siku ya kumi na moja tangu afisa aje, majibu yakiwa bado hayajaja, walimaliza mistari mapema. Jua lilikuwa limeanza kuyachoma mabati. Nzisa alikuwa amechoka. Siku mbili hizo hakuwa na hamu ya chakula, na alijiambia kwamba ni mawazo. Aliketi kwenye ngazi ya darasa. Kasiva alibaki amesimama mbele yake, kidole kikiwa kwenye mstari wa mwisho wa daftari.

"Mwalimu, nina swali."

"Uliza."

"Wewe pia ulikuwa unakula cha mchana hapa?"

Walimu wote walikula pale. Nzisa alikuwa amekula kila siku, siku zote nane, akizigeuza punje kwa kijiko na kuziona ni nyeupe, mbele ya watoto, ili wamwone mwalimu wao haogopi.

"Ndiyo," alisema.

Mstari ule wa mwisho ulikuwa na jina lake, na visanduku vyake vyote vilikuwa vitupu. Kasiva aliweka daftari chini. Alifunga vifungo vya sweta, akasogea karibu hadi pumzi yake ikasikika.

"Angalia juu, Mwalimu."

Nzisa aliangalia juu, kwenye anga lisilo na wingu. Alihisi kidole kidogo, baridi, kikivuta kope lake la kushoto. Kisha la kulia. Kisha kidole kikarudi kwenye la kushoto, kikakaa hapo, na Kasiva akamgeuza uso taratibu kuelekea kwenye mwanga.